Stoo Isigeuzwe Chumba cha Saba

Kila muhula wa pili unapokaribia kuisha, nyumba za wanachuo tunaopanga mtaani huwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni UE, na ratiba yake hubandikwa mapema. Wa pili ni wa vitu: nani anaacha nini, anakiacha wapi, na nani atakiangalia mpaka chuo kifunguliwe tena. Huo hauna ratiba. Watu huukumbuka usiku wa kuamkia safari, godoro limeshakunjwa na tiketi ya basi iko mfukoni.

Hoja yangu ni hii. Kundi la wanachuo linalopanga nyumba nzima likubaliane juu ya stoo kabla ya kugawana vyumba, na lisikubali stoo hiyo igeuzwe chumba cha kulala ili kodi ishuke. Kwenye nyumba yetu mjadala huu umewaka mwaka huu, na nyumba mbili za jirani zimeshaumaliza kwa kumpangisha mtu stooni. Naandika nikijua wapo watakaoona nawaharibia mchongo.

NYUMBA YENYEWE

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunapanga ile nyumba ambayo wasanifu majengo huiita nyumba ya Kiswahili. Korido moja katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo, bafu na stoo. Ni nyumba inayowafaa watu wanaokaa pamoja bila kuwa ukoo mmoja. Kila mtu ana mlango wake, lakini uani ni kwa wote: hapo ndipo panapofuliwa, panapopikwa na panaposemwa yaliyo moyoni.

Kukaa hivi hakujabuniwa na sisi peke yetu. Mwaka 1972 familia 27 zilihamia Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød huko Denmark, kwenye makazi ambayo ziliyapanga kwa pamoja. Kila familia ilikuwa na nyumba yake, na kulikuwa na jengo moja la wote kwa ajili ya kupika na kula pamoja. Mtindo huo ulienea, na mwaka 1988 wasanifu wawili Wamarekani, Kathryn McCamant na Charles Durrett, waliutolea kitabu kilichoutangaza kwao. Mimi nachukua jambo moja tu kutoka huko, nalo ni mpangilio wa hatua. Wale watu walikaa kwanza, wakaamua kipi kiwe cha kila mmoja na kipi kiwe cha wote, ndipo ujenzi ukaanza. Sisi nyumba tunaikuta imeshajengwa, tena kwa ramani inayotufaa kabisa. Tunachoruka ni kile kikao. Dalali akishapokea chake tu, tunakimbilia kuchagua vyumba vyenye dirisha la mbele, na stoo inabaki kuwa mahali pa kurushia chochote kisicho na mwenyewe.

HESABU YA CHUMBA CHA SABA

Nichukue namba za nyumba yetu. Kodi ni 480,000 kwa mwezi, vyumba ni sita, kwa hiyo kila chumba 80,000. Tuko watu kumi: vyumba vinne vina watu wawili wawili, na viwili vina mtu mmoja mmoja. Mama mwenye nyumba hana neno. Anataka 480,000 yake ifike kwa wakati, namna ya kuichanga ni juu yetu.

Pendekezo lililoko mezani ni kumuingiza mtu wa kumi na moja kwenye stoo kwa 60,000. Vyumba sita vitabaki kulipa 420,000, yaani 70,000 kila kimoja. Kila chumba kinaokoa 10,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima 120,000. Ukiisikia hivyo, mkono unanyooka wenyewe kukubali.

Sasa ongeza likizo ndefu. Miezi ile mitatu Dar inapokea wanachuo wa vyuo vya mikoani wanaokuja kufanya field kwenye ofisi, viwanda na hospitali, na wote wanatafuta chumba cha muda mfupi. Chumba kitupu kinapata mtu. Chumba chenye magodoro, masufuria na mabegi ya shangazi kaja hakipati. Ukiwa na stoo, unahamishia vitu vyako humo, mtu wa field analipa 80,000 zake kwa mwezi, na chumba chako kinakugharimu miezi tisa tu: 720,000. Bila stoo, vitu vinabaki chumbani, unapiga kufuli, na unalipa miezi yote kumi na miwili kwa 70,000: jumla 840,000. Yaani ule mchongo wa kupunguza kodi umekuongezea 120,000.

Mtu wa field akikaa miezi miwili tu, chumba cha nyumba yenye stoo kinalipiwa 800,000 kwa mwaka, bado ni nafuu. Akikaa mwezi mmoja, inakuwa 880,000, na hapo stoo imeshindwa kwa 40,000. Sifichi hilo. Lakini anayeamua kuua stoo ajue kwamba anakubali kulipa 210,000 kila likizo ili godoro lake lilale peke yake.

NANI ANABEBA MZIGO

Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye hawezi kuondoka na vitu vyake. Kuna kundi lingine. Wewe ambaye kwenu ni Tegeta, Kibaha au Mbagala unaita bajaji, unapakia godoro na ndoo, na jioni umeshafika kwa mama. Chumba chako kinabaki kitupu na mtu wa field anaingia. Kwa kundi hili, kuuza stoo ni faida tupu: miezi tisa kwa 70,000 ni 630,000, badala ya 720,000.

Mimi niko kwenye kundi hilo. Kwetu ni Mbagala, na ninayeshea naye chumba anatoka Tegeta. Stoo ikipangishwa, chumba chetu kinaokoa 90,000, nusu yake inaingia mfukoni mwangu. Hela hiyo ningeipenda. Ni vocha, ni nauli, ni chipsi za mwezi. Ila najua inatoka wapi. Inatoka kwa mwenzangu wa Kigoma, ambaye reli ya kati inamchukua zaidi ya kilomita 1,200 mpaka kwao, na wa Rukwa, na wa Mtwara, na wa Bukoba. Hao hawawezi kupakia godoro, meza ya kusomea na sufuria kwenye basi kila Julai halafu wavirudishe kila Oktoba. Watalipia chumba cha mizigo, au watauza vitu kwa bei ya kutupa na kununua vingine bumu likitoka, au watambembeleza shangazi wa mbali wa Gongo la Mboto ambaye mara ya mwisho walionana naye kwenye msiba.

Kwenye nyumba yetu, sita tunatoka Dar na Pwani, wanne wanatoka mbali. Tukipiga kura leo, sita kwa nne, stoo imekwenda. Wapo wanaosema hiyo ndiyo demokrasia, wengi wape. Lakini hawa sita tayari wana stoo nyingine, inaitwa nyumbani. Kuwaachia wao waamue kama wanne wawe na stoo ni sawa na kuwauliza waliokwisha kula kama chakula kingine kipikwe.

Ndiyo maana nasema jambo hili liamuliwe kabla ya kuhamia. Kabla ya kuhamia, mtu wa Kigoma anaweza kusema, "Nyumba bila stoo siingii," na akatafuta nyingine. Akishatoa kodi ya miezi sita, kauli yake haina tena uzito. Mtamsikiliza kwa huruma, halafu mtapiga kura.

"KUNA MWENZETU HANA PA KULALA"

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili haihusu hela zetu sisi kumi. Inamhusu huyo wa kumi na moja. Hakupata mkopo, hosteli zimejaa, na amechoka kubebwa kwenye kitanda cha mtu huku akiishi kwa wasiwasi wa kukaguliwa. Mpe stoo kwa 60,000, mmemuokoa. Anayeipinga stoo anaonekana anapenda masanduku kuliko watu.

Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo tuitendee haki kwa kwenda kuangalia stoo yenyewe. Haina dirisha, ina matundu mawili ya hewa juu, chini ya bati. Ukuta wake mmoja ni wa choo. Mlango unafungukia uani, na mbele yake ndipo jiko la wote lilipo. Mtu atalala humo Februari, mwezi ambao hata sisi wenye madirisha na feni tunaburuta mikeka koridoni.

Halafu turudi kwenye namba. Vyumba viwili kati ya sita vina mtu mmoja mmoja. Mwenzetu akiingia kwenye kimoja, wanagawana 80,000, kila mmoja 40,000. Ni pungufu ya ile 60,000 ya stoo, na analala penye dirisha. Kama kweli kinachotusukuma ni huruma, njia ya bei nafuu na yenye hewa ipo hapo mbele yetu. Kwa nini haipendekezwi? Kwa sababu inamgharimu mtu faragha yake, wakati ile ya stoo inatuletea punguzo sisi. Tusimtumie mwenye shida kama ngao.

KUPIMA KABLA YA KUGAWANA

Watu wengi wakisikia "kupanga stoo" wanadhani ni kufagia. Kupanga kunaanza na futi kamba ya fundi, ambayo kila mtaa unaweza kuazima.

Stoo yetu ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 7. Mlango uko kwenye ukuta mfupi. Godoro la kawaida la mwanachuo lina futi 3 na nusu kwa 6, unene wa inchi 6. Magodoro kumi yakisimamishwa wima, yakabanana na kufungwa kamba, yanachukua futi 5 za ukuta mrefu na yanakuja ndani futi 3 na nusu. Ukuta wa pili mrefu unapigwa shelfu za mbao zenye kina cha futi moja na nusu. Katikati inabaki njia ya futi 2, inatosha mtu kupita na begi.

Shelfu za futi 8, ngazi tatu, ni futi 24. Kila mtu anapata futi 2, jumla 20, na futi 4 zinabaki kwa vitu vya wote: pasi, nyundo, balbu, waya wa kurefusha umeme. Zile futi 3 za ukuta zilizobaki pembeni ya magodoro zinachukua madumu na masufuria makubwa. Kwa mpango huo watu kumi wanaenea kwenye chumba ambacho leo kimejaa vitu vya watu wasiozidi wanne, kwa sababu vimerundikwa chini na aliyewahi ndiye aliyekalia nafasi.

Zingatieni kwamba kipimo ni kimoja kwa kila mtu, anayelipa 80,000 peke yake na wanaolipa 40,000. Stoo inahesabu vichwa. Na mimi wa Mbagala, nisipohitaji futi zangu, naweza kumpa mwenzangu kwa likizo hiyo, lakini nisimuuzie.

Mbao na misumari ni gharama, na hapo ndipo pa kuongea na mwenye nyumba mapema. Mwende kwa adabu, shikamoo kwanza, kisha mpango mkononi: sisi tutalipa fundi, shelfu zitabaki kuwa mali ya nyumba, naye akubali kwa maandishi kwamba stoo haitapangishwa mtu mkataba ukiwa hai. Mwenye nyumba anayekataa shelfu za bure anakuonyesha mapema kwamba ana mpango mwingine na chumba hicho.

VISIVYOINGIA

Mpango wa stoo una orodha ya vitu vinavyokatazwa, na iwe fupi ili ikumbukwe.

Mtungi wa gesi hauingii. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha 80% ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na kwenye nyumba za wanachuo mtungi wa kilo 6 umeshakuwa kitu cha kawaida. Vizuri. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea kwenye matundu ya juu, inatulia sakafuni ikisubiri cheche. Mtungi ukae uani, wima, kwenye kivuli na penye hewa. Na hii ni sababu nyingine ya kutomlaza mtu kwenye chumba kisicho na dirisha kilicho mbele ya jiko.

Nafaka hazikai humo likizo nzima. Tunajua mama anavyofunga safari: mahindi, maharage, mihogo mikavu, mchele wa kwenu. Mfuko mmoja wenye dumuzi unatosha kumaliza mifuko yote. Huyu mdudu, ambaye wakulima wengi wanamwita Scania, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na anatoboa mpaka mbao. Chakula kiliwe, kigawiwe au kiondoke na mwenyewe kabla ya mlango kufungwa.

Godoro lisilofunikwa haliingii. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula na bado akakungoja. Lichunguzwe kwenye mishono, lianikwe, kisha livalishwe nailoni na kufungwa. Mwenye kunguni aseme wakati bado kuna muda wa kupuliza dawa. Hakuna aibu katika kusema, aibu ni kuwagawia wenzako tisa.

DAFTARI NA FUNGUO

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotumia kwa pamoja malisho, misitu, maji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi. Kwenye kitabu chake cha 1990 alionyesha kwamba mali ya pamoja inaweza kudumu bila kugawanywa vipande wala kukabidhiwa serikali, iwapo watumiaji wana mipaka inayojulikana, kanuni walizotunga wenyewe, uangalizi, adhabu zinazoanza kwa upole, na njia rahisi ya kusuluhishana. Wazee wetu walishaifupisha: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa stoo ya watu kumi, daftari la mia tano linatosha. Jina, tarehe, idadi ya vitu, saini, na picha ya shelfu yako kwenye grupu la WhatsApp la nyumba. Funguo mbili tu: moja kwa mwenzetu anayebaki Dar kwa field, nyingine kwa mwenzetu anayeishi karibu. Mpangaji wa likizo hashiki ufunguo, hata akiwa mtu mzuri namna gani, kwa sababu kitu kikipotea yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusingiziwa. Anayefungua anaandika amefungua lini na kwa ajili ya nani.

Halafu kuna vitu vya wahitimu. Kila stoo ya mtaani ina runinga ya chogo, fremu ya kitanda na boksi la notisi za mtu aliyemaliza zamani, aliyesema "nitapitia wiki ijayo". Hakuna anayethubutu kuvigusa, na vinakula nafasi ya watu watatu walio hai. Kanuni iwe moja na isainiwe na kila anayeingia: ukiondoka nyumbani moja kwa moja, vitu vyako vinakaa mpaka mwezi mmoja baada ya chuo kufunguliwa. Unapigiwa simu mara ya kwanza, unakumbushwa kwenye grupu mara ya pili, mara ya tatu vinauzwa na hela inanunua umeme wa LUKU.

NINACHOOMBA

Kwa wenzangu mnaotafuta nyumba za mwaka ujao: kabla ya kulipa, fungueni mlango wa stoo. Pimeni. Ulizeni wangapi wanatoka mbali, na hao ndio waanze kusema. Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja, wote msaini, halafu ndipo mgombanie dirisha la mbele.

Kwa chama chetu cha wanafunzi: kila mwaka mnatuandalia mwongozo wa kupanga mtaani, unaozungumzia madalali, kodi na usalama. Ongezeni ukurasa wa stoo, wenye mfano wa makubaliano ya nyumba na kipengele cha mwenye nyumba kutopangisha stoo katikati ya mkataba. Mwaka wa kwanza wanaokuja kutoka Kigoma na Rukwa hawajui kuuliza swali hilo, na hakuna dalali atakayewafundisha.

Kwa nyumba yangu: kikao ni Jumapili hii uani, saa kumi jioni. Kura yangu mnaijua. Naomba wanne wa mbali waanze kuongea, na sisi sita tuwasikilize mpaka mwisho kabla mtu hajanyoosha mkono.